Mbwa anakula vizuri na bado anakonda: si kila mara ni minyoo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo baadhi ya wasomaji wataliona dogo kwa sababu linahusu mbwa, lakini ambalo mimi limenigharimu fedha, usingizi na, kwa miezi kadhaa, heshima yangu mbele ya majirani. Nalileta hadharani kwa kuwa nimegundua kwamba siko peke yangu: tangu nianze kulisimulia nimekutana na watu watatu waliopoteza mbwa wao kwa dalili zile zile, na wote watatu waliwazika wakiamini kwamba ni minyoo.

Mwaka jana, jioni moja ya Jumapili, balozi wetu wa nyumba kumi alibisha hodi nyumbani kwangu hapa Morogoro akiongozana na jirani yangu, mama mtu mzima ambaye tumeishi naye vizuri kwa miaka mingi. Baada ya salamu na kuulizana habari za watoto, balozi alikohoa kidogo akasema, "Mwalimu, samahani sana, tumekuja kwa ajili ya yule mbwa. Watu wanasema unamshindisha njaa." Niliwapeleka bandani wakamwone. Alikuwa Komando, mbwa wa aina ya German Shepherd, ambao mitaani tumezoea kuwaita jemani, mwenye umri wa miezi 14, mbavu zake zikihesabika mtu akiwa getini, mifupa ya nyonga imechomoza, na manyoya yamefifia kama mkeka uliosahauliwa juani. Nilijaribu kueleza kwamba mbwa huyo anakula kuliko mbwa yeyote niliyewahi kumfuga, na nikaona wazi kwamba hawaniamini. Ningekuwa wao, nami nisingeamini.

Lakini Komando alikuwa akila kweli. Sahani yake ya ugali na dagaa, au ugali na utumbo pensheni ikishaingia, aliimaliza kabla sijanyoosha mgongo baada ya kuiweka chini, kisha akairamba mpaka ikawa inasogea sakafuni, kisha akala udongo na, wasomaji waniwie radhi kwa kulitaja, akala kinyesi chake mwenyewe. Kinyesi hicho kilikuwa kingi kupita kiasi, laini, chenye rangi ya manjano iliyopauka, kikimeremeta kama kilichopakwa mafuta, na harufu yake ilikuwa ya kumfanya mtu ahamishe kiti. Tumbo lake lilinguruma usiku hadi nikalisikia nikiwa kitandani. Kuku wa jirani ndio waliogundua kabla yangu kwamba mle ndani kuna chakula ambacho hakijaguswa, maana kila asubuhi walikuwa wakikimbilia kona ile ya uwanja wakidonoa. Mimi nikawafukuza tu, bila kujiuliza wanafuata nini.

Kama walivyo wafugaji wengi wa mjini, sikwenda kwa daktari bali kwenye duka la dawa za mifugo, na kijana wa kaunta, bila kuuliza mbwa ana umri gani wala kinyesi chake kikoje, akanipa dawa ya minyoo. Wiki tatu baadaye akanipa nyingine. Mara ya tatu alinishauri nimchome ivermektini ya ng'ombe, akisema, "Hii inamaliza kila kitu, mzee wangu." Sikuinunua kwa sababu moja tu, kwamba siku hiyo sikuwa na fedha. Baadaye nilipoelezwa kwamba dawa hiyo, ikitolewa kwa kipimo kikubwa, inaweza kuudhuru vibaya ubongo wa mbwa wa koo za wachungaji kondoo, hasa wale waitwao Collie na baadhi ya jemani pia, kwa kuwa wapo miongoni mwao waliorithi kasoro katika jeni iitwayo MDR1, ambayo ikiwa nzima huizuia dawa ya namna hiyo isipenye kwenye ubongo, nilimshukuru Mungu kwa ukata wangu.

Sisemi kwamba minyoo si tatizo. Mtoto wa mbwa anaweza kuipata minyoo akiwa bado tumboni mwa mama yake, na mingine huinyonya kwenye maziwa, na ndiyo maana kila mtoto wa mbwa anapaswa kupewa dawa ya minyoo mapema na kwa ratiba. Ninachosema ni kwamba mbwa mkubwa aliyekwisha kunywa dawa hiyo mara mbili na bado anakonda hahitaji ya tatu. Anahitaji mtu wa kumchunguza. Ni ajabu kwamba sisi wenyewe tukikohoa wiki mbili tunaambiwa tukapime makohozi, lakini mbwa akikonda miezi sita tunaendelea kubahatisha chupa baada ya chupa.

Siku niliyompeleka kwa daktari wa mifugo, binti wa umri wa wanafunzi wangu wa mwisho, nilishangaa kwamba kabla hajamgusa mbwa aliniuliza kuhusu kinyesi kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kulizungumzia jambo hilo na mtu yeyote. Kisha akampima. Komando alikuwa na kilo 19, wakati dume la jemani lililokomaa linatakiwa kuwa na kati ya kilo 30 na 40. Alinifundisha pia kipimo cha mkono ambacho kila mwenye mbwa anaweza kukitumia, hasa kwa mbwa wenye manyoya mengi yanayoficha ukondefu: unapitisha vidole ubavuni bila kukandamiza, na ukihisi kama unapapasa mgongo wa kiganja chako kilichonyooshwa, mbwa yuko sawa, lakini ukihisi kama unapapasa vifundo vya ngumi, amekonda. Kwa Komando hapakuwa na haja ya kufumba macho na kulinganisha.

Daktari alinieleza kwamba kukonda kuna njia nyingi. Yupo mbwa anayekonda kwa sababu hali chakula, na huyo hutafutiwa homa, meno, figo au ugonjwa unaoletwa na kupe. Yupo anayekula kisha chakula kikarudi kizima mdomoni bila hata kujikaza kutapika, jambo ambalo huweza kuonyesha kwamba umio wake umelegea na kutanuka, kasoro nyingine ambayo jemani huweza kuzaliwa nayo. Na yupo anayekula kwa pupa, hatapiki, anajisaidia mara nyingi, na bado anapungua. Kwa huyu wa tatu, hasa akiwa jemani mwenye umri wa mwaka mmoja hadi mitano, wa kwanza kushukiwa baada ya vimelea ni kongosho. Kinyesi cha Komando kilipimwa siku tatu kutafuta minyoo na giadia, kimelea cha utumbo kisichoonekana kwa macho, damu yake ikaangaliwa kama ina ugonjwa wa kupe, na vyote vilipokuwa safi akafungishwa chakula kwa muda wa saa 12, akatolewa damu kwa ajili ya kipimo kinachoitwa TLI, ambacho huonyesha kama kongosho inafanya kazi yake. Sampuli ilisafirishwa mbali na jibu nililisubiri kwa wiki kadhaa. Kwa mbwa mzima kipimo hicho huanzia mikrogramu 5.7 kwa lita, na kikishuka chini ya 2.5 ugonjwa wa kongosho kushindwa kazi unahesabiwa kuwa umethibitika. Cha Komando kilikuwa 1.1.

Nieleze kwa kifupi kama nilivyoelezwa, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Kongosho ina kazi mbili: inatoa insulini inayoingia kwenye damu, na inatoa vimeng'enya vinavyoingia kwenye utumbo mwembamba kuvunja mafuta, protini na wanga. Katika jemani wenye ugonjwa huu, kinga ya mwili huzigeukia taratibu seli zinazotengeneza vimeng'enya na kuzimaliza, ilhali zile za insulini kwa kawaida husalimika, na kwa hiyo mbwa hapati kisukari bali anakosa uwezo wa kukivunja chakula. Kibaya zaidi ni kwamba dalili hazionekani mpaka karibu asilimia 90 ya uwezo huo iwe imekwisha kupotea. Kinachoingia mdomoni hupita utumbo mzima na kutoka upande wa pili karibu kama kilivyoingia, jambo ambalo kuku wa jirani walikuwa wamelijua tangu mwanzo. Kwa maana hiyo balozi hakukosea: mbwa wangu alikuwa akishinda njaa kweli, ila si mimi niliyemnyima.

Ugonjwa huu hauponi, lakini unatunzika, na hili ndilo ninalotaka lisomwe na kila mtu anayefikiria kumpiga mbwa wake sindano ya kumaliza maisha. Dawa yake ni kumrudishia vimeng'enya katika kila mlo. Upo unga wa vimeng'enya unaotengenezwa viwandani kutokana na kongosho ya nguruwe, lakini kwa pensheni ya mwalimu bei yake haishikiki. Daktari akanipa njia ya pili, ambayo imetumika tangu zamani: kongosho mbichi ya ng'ombe, iliyosagwa au kukatwakatwa vipande vidogo, ikachanganywa na chakula.

Nilikwenda machinjioni alfajiri na kuomba kongosho, na jamaa wa kwanza akanipa bandama. Wa pili akanipa bandama vilevile, akaniapia kwamba hiyo ndiyo yenyewe. Ikabidi nioneshe picha aliyonichorea daktari: bandama ni pana, ndefu na ya rangi ya damu ya mzee, lakini kongosho ni nyama iliyopauka, ya waridi inayoelekea manjano, yenye vinundunundu, imejificha kandokando ya mwanzo wa utumbo mwembamba, na kwa kuwa hakuna anayeinunua hutupwa pamoja na taka. Mchinjaji aliyenielewa ni mzee ambaye kwa imani yake hagusi mbwa, lakini tangu siku hiyo ndiye anayeniwekea kongosho kwenye mfuko kila nikifika, na kila mara huniuliza, "Mgonjwa wetu anaendeleaje?" Namlipa shilingi 1,000 kwa moja. Komando hupewa gramu 100 hivi katika kila mlo, milo miwili kwa siku, na kwa kuwa kongosho moja ya ng'ombe ina takriban gramu 400, mbwa mmoja anamaliza za ng'ombe 15 kwa mwezi.

Yapo masharti. Kongosho haipikwi, kwa sababu moto unaviua vimeng'enya, na hata ugali wenyewe ni lazima upoe kabisa kabla ya kuchanganya. Siku moja nilikuwa na haraka nikachanganya ukiwa bado unatoa mvuke, na kesho yake kinyesi kilinieleza kosa langu. Kugandishwa, kinyume chake, hakuidhuru, inakaa kwenye friza kwa miezi mitatu bila kupoteza nguvu, ilimradi umeme usikatike mfululizo, na hilo wasomaji wenyewe wanajua lilivyo. Ni lazima pia itoke kwa ng'ombe aliyekaguliwa na mkaguzi wa nyama, isiwe na malengelenge yenye maji, kwa sababu mbwa akila nyama mbichi ya ndani yenye malengelenge hayo hupata tegu mdogo ambaye mayai yake yakimfikia binadamu hujenga vivimbe kwenye ini na mapafu. Ugonjwa huo si hadithi katika maeneo ya wafugaji wa Afrika Mashariki. Turkana, kule Kenya, umetesa watu wengi. Kwa hiyo naigandisha siku kadhaa kabla ya kuitumia, na Komando hupata dawa ya tegu kwa ratiba ya daktari. Hiyo ndiyo dawa ya minyoo yenye sababu.

Sharti gumu kuliko yote halikuwa la jikoni. Wiki tatu baada ya kuanza tiba, Komando aliyekuwa ameanza kujisaidia vizuri aliharibika tena ghafla, na sikujua kwa nini mpaka nilipomkuta jirani yangu, yule yule mama aliyekuja na balozi, akipitisha bakuli la ugali chini ya geti. Alikuwa akifanya hivyo kila mchana nikiwa nimelala. Kwa mbwa wa namna hii kila tonge lisilo na vimeng'enya ni mzigo kwa utumbo, kwa kuwa chakula ambacho hakijavunjwa huchacha humo na kuzalisha bakteria. Nilimkaribisha ndani, nikamwonyesha karatasi ya majibu na mfuko wa kongosho, naye akashika shavu akasema, "Kumbe namuua mwenyewe, baba." Siku hizi ndiye mlinzi wangu dhidi ya watoto wa mtaa wanaorusha mifupa.

Nyongeza moja muhimu ni vitamini B12. Mbwa wengi wenye ugonjwa huu huishiwa vitamini hiyo, na wakikosa kurudishiwa hawanenepi hata wakipewa kongosho ipasavyo. Komando alichomwa sindano moja kila wiki kwa wiki sita, na hapo ndipo nilipoona uzito unapanda. Kwa kuwa sina mizani ya mbwa, tulimpima kwenye mizani ya kuning'iniza ya duka la nafaka, akiwa ndani ya kiroba kilichotobolewa mashimo manne ya miguu, huku wateja wakisahau walichofuata. Alifika kilo 23 mwishoni mwa wiki ya sita, na baada ya miezi minane kilo 30 na nusu. Balozi alipomwona mara ya mwisho aliuliza kama nimenunua mbwa mwingine.

Sasa nije kwa wale wanaotuuzia mbwa, kwa sababu hapo ndipo penye donda. Jemani kama tunavyomjua alianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1899, pale Max von Stephanitz alipomnunua dume aliyeitwa Horand von Grafrath na kumfanya msingi wa ukoo mzima, na tangu hapo watoto na wajukuu wake walipandishwa wao kwa wao ili sura na tabia zisipotee. Faida yake tunaiona, na hasara yake ndiyo niliyoilisha kongosho kwa mwaka mzima. Huku kwetu tumeongeza letu: dume moja la kukodi huzunguka mji mzima, kaka hupandishwa na dada kwa sababu wako banda moja, na mnunuzi hupewa mtoto wa wiki sita ndani ya boksi la sabuni, bila kumwona mama yake. Nilipompigia simu aliyeniuzia Komando kumweleza majibu ya daktari, alinijibu kwamba ndugu wawili wa Komando nao "walikonda wakafa, lakini ile ilikuwa minyoo." Kisha akakata simu.

Sitaki kumwonea. Ugonjwa huu unatembea katika koo, lakini haurithiwi kwa njia nyepesi ya kusema mgonjwa akizaa na mgonjwa basi wote wataugua. Watafiti wa Finland walieleza mwaka 2010 jinsi jemani wawili wagonjwa walivyozaa watoto sita, na kati yao wawili tu ndio walioupata. Mzalishaji mwaminifu naye anaweza kupata mtoto mgonjwa, na anapompandisha jike lake hana jeni moja ya kupima itakayomhakikishia kwamba watoto watakuwa salama. Kwa sababu hiyo hiyo kumbukumbu ndiyo silaha pekee iliyopo. Mzalishaji anayeandika ni watoto gani walikonda na ni wazazi gani waliowazaa, na akaacha kuwapandisha wazazi hao, anatusaidia sote; anayesema ni minyoo na kuleta dume lile lile msimu ujao anauza ugonjwa kwa bei ya mbwa.

Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 na Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, na tunacho Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo hapa hapa Morogoro kinachofundisha madaktari wa mifugo. Ningependa kuwaona wataalamu hao wakibandika kwenye maduka ya dawa za mifugo karatasi moja ya Kiswahili inayosema kwamba mbwa anayekula na kukonda apelekwe kwa daktari pamoja na kinyesi chake kwenye kopo safi, na ningependa wauzaji wa maduka hayo waulize swali moja kabla ya kufungua kabati: tangu lini, na mara ya ngapi hii? Kipimo cha TLI nacho kikipatikana karibu, hata kwa gharama ya kuchangia, mtu hatalazimika kusubiri wiki kadhaa huku mbwa akipungua.

Mama yake Komando, kwa habari nilizozipata, amezaa tena. Watoto ni saba, na wanne wamekwisha kuuzwa hapa hapa mjini. Kama umemnunua mmoja wao, mpe dawa ya minyoo kwa ratiba na umpende, lakini kuanzia anapokaribia mwaka mmoja mpime kila mwezi na uandike, upitishe mkono ubavuni, na uangalie kuku wanakimbilia wapi asubuhi.

Msomaji wako,
Mwalimu mstaafu,
Morogoro